Waliokataa Kutengwa

Wengi wa Mombasa mjini huijua Mwakirunge kwa jaa la taka tu. Sisi tuliozaliwa huko tunaijua kwa majina yanayomchanganya mgeni: jina la kwanza litakuwa Hamisi au Emmanuel, la pili ni Kazungu kwa wote wawili, na wote ni wa tumbo moja. Mmoja huenda msikitini, mwingine kanisani, na shangazi yao akifariki wanashika majembe pamoja. Ukisimamisha matatu ya kwetu na kuamuru Waislamu wakae huku na Wakristo kule, utawatenga watoto wa mama mmoja.

Kaskazini mwa nchi yetu amri hiyo imewahi kutolewa, mtutu wa bunduki ukiwa mbele. Tarehe 22 Novemba 2014, wapiganaji wa kundi la Al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga wasio Waislamu na kuua watu 28. Baadhi yao walikuwa walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo.

Mwaka uliofuata, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Mandera lilivamiwa karibu na El Wak. Lilikuwa na abiria zaidi ya 60, wengi wao Waislamu, na yaliyowapata wale wa kwanza yalikuwa yanajulikana nchi nzima. Wanawake wa Kiislamu walitoa hijabu na mitandio wakawafunika Wakristo waliokaa nao. Abiria walipoamriwa wajitenge, Waislamu walikataa: wauawe wote au waachwe wote. Watu wawili waliuawa siku hiyo. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu huko Mandera na mmoja wa Waislamu waliokataa, alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki akitibiwa Nairobi. Serikali ilimtunuku nishani, na filamu fupi iliyotokana na kisa hicho, Watu Wote, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018.

Alistahili heshima hiyo yote. Lakini wale akina mama waliotoa mitandio ndio ninaowafikiria zaidi. Hawakupata nafasi ya kumuuliza sheikh wala ya kushauriana. Mtu haanzi kumhesabu mwenzake kuwa wake akiwa ameshaelekezewa bunduki. Alishamhesabu zamani, siku za kawaida, katika kuuziana sokoni, kusomeshana watoto na kukaa matanga pamoja.

Na tusidhani mambo haya ni ya Mandera pekee. Tarehe 23 Machi 2014, watu wenye bunduki waliingia kanisani Likoni, Mombasa, ibada ikiendelea, wakaua waumini. Kabla ya miezi mitatu kwisha, tarehe 10 Juni, katika Likoni hiyohiyo, Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, aliuawa kwa risasi. Alikuwa akipinga waziwazi vijana kuvutwa kwenye vita. Mwislamu aliyekataa kutengana naye hakusazwa.

Nasema haya nikiwa Mkristo, na kwa hiyo naona kuna deni. Miaka hiyo vijana wa Kiislamu wa Pwani waliuawa na wengine wakatoweka kwa jina la kupambana na ugaidi. Mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na Haki Africa yalisimama na familia zao. Mkristo hahitaji kuwa na mtandio wa kumfunika mtu kichwa. Anahitaji kusema, kwa jina lake na mbele ya kasisi wake, kwamba mtoto wa jirani asichukuliwe usiku bila mahakama. Akinyamaza kwa kuwa aliyechukuliwa anaitwa Hamisi, amri ya kujitenga ameitii bila hata kushikiwa bunduki.

Hapa Uingereza, tunakoishi sisi wanajumuiya wa Mwakirunge, hakuna anayetuelekezea bunduki, lakini pendekezo limeletwa kwamba mfuko wetu wa maziko ugawanywe kwa dini. Hoja inaeleweka. Waislamu wengi huzika hapahapa na haraka, bila gharama ya ndege. Wakristo wengi husafirisha mwili hadi Mombasa, na tikiti ya maiti ni ghali. Anayelalamika kwamba mchango wake unaliwa na upande mwingine si mtu mbaya. Anapiga hesabu tu.

Hata hivyo ninapinga, na ninawaomba wanajumuiya wote wapinge. Mfuko huu ndio mahali pekee ugenini ambapo Mwislamu na Mkristo wa Mwakirunge bado wanabebana kwa jasho lao. Tukishaugawa, tutabaki kuonana Idi na Krismasi, tupigane picha, basi. Ikiwa gharama za ndege zinaelemea, tuweke kiwango kimoja cha msaada kwa kila marehemu, awe anazikwa hapa au nyumbani, na familia inayosafirisha ijazie kwa mchango wa hiari. Mweka hazina anaweza kuleta hesabu hiyo katika mkutano ujao, na kura ipigwe kwa mikono, tukiwa tumekaa chumba kimoja.