MAMA NA MTOTO: Usimfiche daktari jinsi mtoto alivyopatikana

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Wapo kina mama na kina baba miongoni mwetu ambao hawakuficha: baada ya miaka ya kungoja walikwenda kwa wataalamu, wakatibiwa, wakapata mtoto. Lakini mtoto akishazaliwa, wengi hurudi kuficha. Jirani haambiwi, mawifi hawaambiwi, na hiyo ni haki yao. Kosa ni kwamba hata daktari wa mtoto haambiwi. Wiki hii tutaeleza kwa nini yeye hapana budi aambiwe.

Tiba tunayoizungumzia ni ile ya kulitoa yai la mama, kulikutanisha na mbegu ya baba katika chombo cha maabara, kisha kuirudisha mimba changa katika tumbo la uzazi. Mtoto wa kwanza aliyepatikana hivyo, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai, 1978, kwa juhudi za Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy. Wengi walihofu kwamba mtoto wa namna hiyo hatakuwa mzima. Louise alikua, akaolewa, akazaa watoto wake bila msaada wa tiba hiyo. Tangu hapo wamezaliwa watoto zaidi ya milioni 10 duniani.

Kwa kuwa watoto wa mwanzo sasa ni watu wazima, wataalamu wanauliza jambo jingine: je, mioyo yao itawafikisha uzeeni salama?

Mwaka 2024 ulitolewa uchunguzi mkubwa wa Denmark, Finland, Norway na Sweden, uliohusu watoto zaidi ya milioni 7. Katika kila watoto 1,000 waliopatikana kwa tiba, kiasi cha 18 walikuwa na kasoro kubwa ya moyo ya kuzaliwa nayo. Kwa watoto wengine ilikuwa 11 au 12. Hatari iliongezeka zaidi kwa mapacha. Kwa hiyo ni kweli hatari imezidi kidogo. Lakini ni kweli pia kwamba watoto 982 katika hao 1,000 hawakuwa na kasoro hiyo.

Kuhusu shinikizo la damu, wataalamu wa Bern, Uswisi, waliwapima vijana wenye umri wa miaka 16 hivi, wakatoa matokeo mwaka 2018. Miongoni mwa vijana 52 waliopatikana kwa tiba, 8 walikuwa na shinikizo la juu. Miongoni mwa wenzao 43, alikuwa mmoja tu. Lakini hao walikuwa wachache. Uchunguzi wa mwaka 2023 uliokusanya habari za watoto zaidi ya 35,000 wa Ulaya, Australia na Singapore haukuona tofauti ya maana katika shinikizo la damu, wala katika sukari.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, habari hizi zisikutie hofu, wala usizipuuze. Tena si halali kumlaumu mama. Mapacha, kuzaliwa kabla ya siku kutimia, umri na afya ya wazazi, yote huweza kuchangia, na ni vigumu kutenganisha mambo hayo na tiba yenyewe.

Basi tufanye nini? Kwanza, wanaojiandaa kwa tiba wamwulize daktari kama yafaa kurudisha mimba changa moja tu, ili kupunguza hatari ya mapacha. Pili, mama akiwa mjamzito aulize kuhusu kipimo cha moyo wa mtoto tumboni. Tatu, mtoto akizaliwa aangaliwe: akihema kwa kasi, akitoka jasho na kuchoka anaponyonya, asipoongezeka uzito, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Midomo au ulimi ukiwa wa buluu, apelekwe saa hiyo hiyo.

Nne, kuanzia umri wa miaka 3 apimwe shinikizo la damu kila mwaka, kwa mkanda unaolingana na mkono wake. Shinikizo la juu mara nyingi halina maumivu. Ni kipimo tu kitakacholifichua. Tano, chumvi na soda zipunguzwe, wala asivutiwe sigara ndani ya nyumba.

Zaidi ya yote, aachwe acheze. Wapo wazazi ambao, kwa kuwa mtoto alipatikana kwa taabu, humlea kama yai: hakimbii, hapandi mti, mpira hagusi. Isipokuwa daktari amekataza, hayo si mapenzi. Moyo hukua imara kwa kukimbia.

Na siku ya kwenda kliniki, yale mliyowaficha majirani mwambieni daktari. Siri yenu ni amana kwake, na kwa mtoto wenu huenda ikawa kinga.