Kipawa Kikikuhama, Usihame Timu

Leo mwenzenu nina neno juu ya kriketi. Najua hapa Kaaga mtu akitaja mchezo, akili zetu hukimbilia kandanda ama voliboli. Kriketi ikitokea kwenye runinga tunabadilisha stesheni upesi! Hata hivyo nivumilieni, kwa maana nia yangu ni kumzungumzia mtu mmoja tu: Collins Obuya.

Katika kriketi kuna mrushaji na kuna mpigaji. Obuya alianza kama mrushaji. Hakutegemea kasi. Aliuzungusha mpira kwa kifundo cha mkono, ukidunda chini unakata kona, mpigaji anabaki ameduwaa na gongo lake.

Tarehe 24 Februari 2003, katika Kombe la Dunia, Kenya ilikutana na Sri Lanka jijini Nairobi. Sri Lanka walikuwa mabingwa wa dunia wa 1996. Kenya ilipata alama 210, na Sri Lanka wakatolewa wote wakiwa na 157. Obuya peke yake aliwatoa watano, akiwapa alama 24 tu! Kenya ikasonga hadi nusu fainali, ambapo India iliizima huko Durban. Kijana huyo wa miaka 21 akasajiliwa na Warwickshire ya Uingereza.

Kumbe safari ilikuwa bado. Ule ustadi wa kurusha ukamponyoka. Mpira uliokuwa ukimtii ukaanza kumkaidi, na jina lake likafifia.

Hapa ndipo kisa hiki kinaponigusa. Mimi katika shule ya msingi nilikuwa "yule wa hesabu". Kidato cha Pili hesabu zilinigeuka. Hakuna aliyenicheka; nilijihukumu mwenyewe. Nikaacha kuinua mkono darasani, hata katika masomo niliyoyaelewa. Niliona kwamba kama si "yule wa hesabu", basi mimi si mtu.

Obuya hakufanya hivyo. Alishika gongo. Mrushaji akajifunza upya kuwa mpigaji, na hiyo si kazi ya siku moja, bwana! Machi 13, 2011, katika Kombe la Dunia tena, Kenya ilicheza na Australia mjini Bangalore. Australia walipata alama 324. Obuya akapiga 98, na hakuna aliyeweza kumtoa. Mipira iliisha akiwa bado amesimama, zimebaki alama mbili tu afikishe mia. Mwaka huo huo akawa nahodha wa Kenya.

Mtaniambia, "Lakini Kenya ilishindwa siku hiyo!" Naam, ilishindwa kwa alama 60. Wengine watasema mvumilivu hula mbivu, kwa hiyo angeng'ang'ania kurusha tu. Mimi sikubaliani nao. Kuvumilia si kubisha mlango mmoja maisha yote. Obuya alivumilia kwa kubaki katika timu, akitafuta kazi nyingine ambayo timu ilihitaji. Kwangu mimi, zile 98 za siku ya kushindwa ni kubwa kuliko wale watano wa siku ya ushindi. Za kwanza zilitoka kwenye kipawa. Hizi zilitoka kwa mtu aliyekwisha kupoteza kipawa.

Kwa hivyo wenzangu, tuache mtindo wa kubandikana majina: huyu wa mbio, yule wa sayansi, yule wa kuimba. Jina likibanduka, mwenye jina huona haya kukaa nasi. Na walimu wetu wapendwa, mkimwona aliyekuwa wa kwanza ameketi nyuma kimya, tafadhali muulizeni anaweza kufanya nini kingine.

Mimi hesabu bado zinanisumbua. Lakini mkono nimeanza kuuinua tena, na makala haya ni mojawapo ya mara hizo.