Madaftari ya Leonardo Yasomwe kwa Kiswahili

Kwa miezi kadhaa sasa, baada ya sala ya isha na chakula cha usiku, nimekuwa nikisoma kurasa chache chache za madaftari ya Leonardo da Vinci, katika tarjuma ya Kiingereza iliyotolewa na Edward MacCurdy mwaka 1938, na kila nifungapo kitabu hunijia sikitiko kwamba sijabahatika kuyaona maneno haya katika Kiswahili. Aghalabu mtu huyu husifiwa kwa Mona Lisa na kwa michoro ya vyombo vya kuruka ambavyo havikumfikisha angani. Lakini mimi naona kwamba fahari yake kubwa imo katika kurasa hizi zipatazo 7,000 zilizosalia, ambamo anajiuliza mambo mchana na usiku, tangu rangi ya mbingu hata umbo la ulimi wa kigogota.

Alizaliwa mwaka 1452 katika kijiji cha Vinci, karibu na Florence, mtoto wa nje ya ndoa wa Ser Piero, aliyekuwa mwandishi wa mikataba na wasia. Na kwa kuwa hakupitishwa katika madarasa ya Kilatini, kilichokuwa lugha ya wanazuoni, alijiita mwenyewe mtu asiye na elimu ya vitabu, ingawa ukubwani alikaa akajifundisha sarufi ya lugha hiyo kwa taabu. Kwa hiyo yote aliyoyachunguza ya maji, nuru, mifupa na mabawa aliyaandika kwa lugha ya nyumbani kwao. Alikuwa mashoto, akaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kama zilivyoandikwa hati za wazee wetu wa Lamu na Mombasa kwa herufi za Kiarabu, ila yeye aligeuza na kila herufi, hata wengine wakadhani kwamba alikuwa akificha siri. Mimi sisadiki dhana hiyo. Mashoto anayeandika kwa wino mbichi hutafuta njia ya kutoufuta kwa kiganja chake.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1507 kuingia 1508, Leonardo alizungumza na mzee mmoja katika hospitali ya Santa Maria Nuova, Florence, ambaye alimweleza kwamba umri wake umepita miaka 100, na kwamba mwilini mwake hana maumivu yoyote ila udhaifu. Na muda mfupi baadaye, akiwa ameketi juu ya kitanda chake, mzee yule akakata roho pasipo kutikisika wala kuonyesha dalili ya uchungu. Leonardo akaipasua maiti ili ajue sababu ya kifo cha upole namna ile, akakuta mishipa imekuwa minene na kusongeka hata damu haikupata njia ya kuulisha moyo na viungo. Kisha akailinganisha na maiti ya mtoto wa miaka miwili, ambamo aliona kinyume cha hayo yote. Matabibu wa leo wanaujua sana ugonjwa huo wa mishipa. Lakini kinachonigusa mimi ni kwamba habari hii haianzi na kisu: inaanza na mazungumzo, na maneno ya mzee yamehifadhiwa pamoja na mishipa yake.

Leonardo alipofariki huko Amboise, Ufaransa, tarehe 2 Mei 1519, madaftari yalirithiwa na mwanafunzi wake Francesco Melzi, aliyeyatunza kwa heshima maisha yake yote. Warithi wa Melzi hawakuyajali, yakatawanyika, na mengine yakakatwa kwa mkasi na kubandikwa upya na mchongaji sanamu Pompeo Leoni. Leo yako Milan, Paris, London, Windsor na Madrid, na moja, lenye kurasa 72, lilinunuliwa na Bill Gates mwaka 1994 kwa dola zaidi ya milioni 30.

Wafasiri nao, kuanzia Jean Paul Richter mwaka 1883, waliyapanga maneno kwa mada, jambo lenye manufaa kwa msomaji mwenye haraka, lakini lenye hasara yake pia. Kwani katika karatasi zenyewe hesabu ya jiometri hukatika ghafla kwa sababu supu inapoa, na mambo ya nyumbani hukaa ubavuni mwa mambo ya falaki. Baba yake alipokufa, Julai 1504, Leonardo aliandika tarehe, umri wa marehemu, na idadi ya watoto aliowaacha, wanaume kumi na wanawake wawili. Hakuandika hata neno moja la majonzi. Lakini saa ya kufa aliitaja mara mbili, na mfasiri atakayeifuta mara ya pili kwa kudhani ni taksiri ya kalamu atakuwa amefuta kilio cha mtoto.

Mwalimu Nyerere alitupa Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963, na tena mwaka 1969, akadhihirisha kwamba lugha yetu haishindwi na mzigo. Leonardo ataihitaji lugha hiyo zaidi kuliko Shakespeare, hasa pale anapoorodhesha majina kwa makumi ya mienendo ya maji, ambapo tarjuma ya Kiingereza hubabaika. Sisi tuna bamvua na maji mafu, tuna kujaa na kupwa, tuna mkondo, wimbi na povu, na mengine mengi yamo vinywani mwa manahodha na wavuvi wa Pemba na Lamu kabla hayajaingia katika kamusi. Nawaomba wachapishaji wetu wamtafute mfasiri ajuaye Kiitalia, wasimpe Kiingereza aitafsiri tafsiri. Wamwachie michoro ikae mahali pake kando ya maneno. Na kabla hajashika kalamu, wampeleke pwani akae na mabaharia. Aanze na kurasa za maji.