Jiografia ya Maumbile Si Somo la Kukariri

Husemwa kila mwaka kwamba jiografia ya maumbile ni ya kukariri: aina za miamba, matabaka ya angahewa, hatua tatu za mto, kisha unayamwaga yote kwenye mtihani. Wapo wanaofaulu hivyo, sikatai. Lakini waulize kwa nini Kilimanjaro ina barafu ilhali iko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Aliyeelewa somo anajua jambo moja: joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Moshi mjini, chini ya mlima huo, ni mita 800 hivi, kilele chake cha Uhuru ni mita 5,895. Tofauti inakaribia mita 5,100, yaani nyuzi 33 za joto. Moshi ikiwa na nyuzi 25, kileleni ni kama nyuzi 8 chini ya sifuri. Barafu ameipata kwa hesabu.

Eti pia ni kimbilio la walioshindwa sayansi. Basi mbona Kidato cha Tano kuna tahasusi ya PGM, inayoiweka Jiografia pamoja na Fizikia na Hisabati, na CBG, inayoiweka pamoja na Kemia na Baiolojia? Lava ya volkano ya Ol Doinyo Lengai hupoa ikiwa nyeusi, kisha hugeuka nyeupe kwa unyevu wa hewa. Jaribu kulieleza hilo bila kemia.

Linaloniuma zaidi ni hili la "ramani ya nini, simu ninayo". Simu itakufikisha Katesh, mji ulio chini ya Mlima Hanang. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huo ilimeguka. Tope, mawe na magogo yakashuka hadi mjini na kuua watu zaidi ya 80. Simlaumu hata mmoja aliyejenga pale. Nasema tu kwamba kusoma kontua, mistari ya mwinuko kwenye ramani, ni elimu ya kujua maji yatashukia wapi. Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Kontua zikibanana, mteremko ni mkali. Zikikunjana kama V yenye ncha kuelekea juu, hilo ni bonde, na mvua kubwa italifuata hata kama kiangazi kizima hukuona tone. Kijana wa Kidato cha Nne anayeweza kuliwekea kidole bonde hilo ana la kusema kijiji kikichagua kiwanja cha zahanati.

Na shule zisizo na vifaa? Kituo kamili cha hali ya hewa ni ghali, kweli. Kupima mvua kunataka kopo lenye kitako bapa na kuta zilizonyooka, rula, na mwanafunzi wa kusoma kipimo kila saa tatu asubuhi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Darasa lenye paa la mita za mraba 50 likinyeshewa milimita 20, ni lita 1,000, na wanafunzi wenyewe wataanza kuuliza mfereji wa kuzipeleka kwenye tangi uko wapi.