Mtangazaji Asiyepiga Kelele

Tunajua mtacheka: mafundi cherehani wanawake, na mitandio yetu, tunaangalia mieleka! Wala si ya leo. Ni ile ya zamani ya ITV ya Uingereza, iliyokuwa ikioneshwa hasa Jumamosi alasiri, tangu 1955 hadi 1988. Simu tunaiegemeza kwenye pasi juu ya meza ya kukatia, na wallahi tunasikiliza zaidi kuliko kutazama, maana macho yako kwenye sindano. (Zile chupi zao fupi hatuzitetei.)

Tunachokifuata ni sauti ya Kent Walton. Bwana huyu, mzaliwa wa Cairo, alitangaza mieleka ile karibu miaka yake yote. Anasalimia kwa adabu kama mtu aliyebisha hodi. Anakueleza mkono umeshikwa vipi na kwa nini unauma, refa ametoa onyo la ngapi, kisha ananyamaza. Unasikia kengele, unasikia mbao za ulingo, unasikia bibi wa mstari wa mbele akifoka. Mabibi wale walikuwa na mambo! Walikuwepo waliowapiga wacheza mieleka kwa mikoba yao.

Hata Big Daddy alipokutana na Giant Haystacks pale Wembley mwaka 1981, majitu mawili kama makabati, sauti ya Walton ilipanda kidogo, ikashuka. Wa siku hizi mtu hajaanguka, mtangazaji keshapasua koo, na wewe huoni tena mchezo, unamsikia yeye tu.

Mwenzetu mmoja anatupinga. Anasema mieleka ile ilikuwa ya kupangwa, na upole wa Walton ndio uliowafanya watu waiamini. Kwa hiyo tunasifu ustadi wa kudanganya. Ana hoja, na hatujampatia jibu la kumtosha. Ila katika video zote tulizoziona, hatujamsikia akimcheka aliyelala chini.

Na hapo ndipo panapotuuma.

Kabla ya Ramadhani iliyopita alikuja bibi harusi kujaribu gauni. Zipu ikagoma mgongoni. Mmoja wetu akaanza kutangaza, kwa sauti ya ulingoni hasa: "Jamani, mwali kanenepa, zipu imesalimu amri!" Na sisi wengine tukapokea, kila mmoja na lake, wateja wawili wamekaa pale. Tulidhani ni utani wa kike. Yule mtoto alivua gauni polepole, akalikunja vizuri, akachukua kitambaa chake kilichobaki na kuondoka bila neno. Baadaye tulipima upya daftarini: kosa lilikuwa letu, tulikata sentimita tatu pungufu.

Sote tumesoma madrasa. Mafunzo ya kuuchunga ulimi tunayajua tangu tukiwa wadogo, na tumeyasikia kwenye darsa mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Ajabu ni kwamba aliyetukumbusha ni mzee wa Kizungu wa mieleka, anayeona jambo zito mbele yake na bado anachagua neno dogo.

Siku hizi anayejaribu nguo tunamfungia pazia, na anayeingia naye ni fundi mmoja tu. Yule bibi harusi tulimpelekea fedha zake zote na kumwomba radhi kupitia kwa mama yake mdogo. Fedha alizipokea. Salamu zetu bado hajazijibu.