Kidonge cha tezi kwanza, kahawa baadaye

Anayeacha ugali, wali na chapati ili apunguze mwili hana kosa. Kosa ni kuacha na dawa ya tezi ya thairoidi eti kwa sababu uzito umeanza kushuka.

Dawa hiyo, levothairoksini, humezwa kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Kahawa, hata ile ya siagi wanayoipenda wasiokula wanga, huipunguzia dawa nguvu ya kufyonzwa. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu visubiri muda wa saa 4 baada ya dawa hiyo.

Mlo wa kuacha wanga unaweza kushusha homoni ya thairoidi iitwayo T3, na mgonjwa akipungua sana huenda dozi ikahitaji kurekebishwa. Daktari aambiwe mapema. Dozi ikibadilishwa, homoni ya TSH ipimwe tena baada ya wiki 6 hadi 8.