Wenye Nyumba za Magurudumu

Msomaji mmoja ametuuliza kama ni kweli kwamba huko Marekani kuna wazee wenye mali ambao wameuza nyumba zao ili wakae ndani ya motokaa. Ni kweli. Sisi wenyewe tulilala kwao mwezi wa Septemba, katika milima iitwayo Cascade, jimbo la Washington, si mbali na mji mdogo wa Leavenworth. Leo twataka kueleza tuliyoyaona, maana jambo lenyewe si mchezo kama lionekanavyo kwa mbali.

Wenyeji wetu walikuwa mume na mke, walimu wa zamani, wenye miaka sabini na zaidi. Tuliwaita Mzee na Mama kwa desturi yetu. Mume alicheka sana, akasema kwamba kwao kumwita mtu mzee si kumsifu. Lakini siku ya tatu alikuwa amekwisha kuzoea kuitika.

Tueleze kwanza chombo chao. Ni nyumba ndogo ya bati jepesi na mbao, yenye urefu wa mita 9 hivi, ikokotwayo na kamio ndogo ya mazuti. Ndani mna kitanda, meza, jiko la gesi, friji, bafu na choo. Chini ya sakafu mna matangi matatu: moja la maji safi, la pili la maji yaliyooshea vyombo na miili, la tatu la choo. Humo ndimo hekima yote ya maisha hayo. Asiyeyaangalia matangi yake, hata akiwa mtu wa elimu kubwa, ataaibika mbele ya majirani. Kwa hiyo mgeni alipewa dakika tatu za kuoga. Na sisi, tuliolelewa katika bweni kwa ndoo moja ya maji baridi, hatukuona taabu.

Vyombo vya namna hiyo si vigeni kabisa katika nchi yetu. Mwaka wa 1959 Mmarekani mmoja, Wally Byam, mwenye kiwanda cha Airstream, aliongoza msafara wa nyumba 41 za magurudumu kutoka Cape Town. Walipita Kongo, wakaendelea kaskazini hadi Ethiopia, na mwaka wa 1960 wakafika Cairo, wakazipanga nyumba zao zenye kung'aa mbele ya mapiramidi. Anayezijua barabara zetu wakati wa mvua atakisia mwenyewe ni matope kiasi gani waliyoyakanyaga.

Kuingia milimani tulifuata njia ya Stevens Pass, ambayo mahali pake pa juu ni mita 1,238. Msomaji wa Bukavu atatabasamu, maana mji wake uko juu kuliko hapo. Lakini sisi tu jirani wa Ikweta, nao wako mbali kaskazini. Wakati wa baridi theluji hulala pale kwa mita nyingi, na aliyeacha maji katika mabomba ya nyumba yake huyakuta yamepasuka. Mtelemko wenyewe wataka moyo. Dereva hategemei freni, kwa kuwa zikipata moto sana hupoteza nguvu. Huweka vitesi vya chini, akaiacha mashini ishikilie mzigo. Madereva wa Ngomo hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Katikati ya mtelemko tuliona Mzee ametoka jasho jingi, na Mama akimtazama asiseme neno.

Kambini tulikuta lango, mlinzi, na desturi ya kuonyesha kadi. Asiye mwanachama haingii. Ndani ni msitu wa misonobari wenye harufu nzuri, na chini ya miti viwanja vidogo, kila kimoja na meza yake, mti wa umeme na bomba la maji. Chakula hakiachwi nje usiku kwa sababu ya dubu. Jioni watu hutembeleana, wakiulizana habari za njia na za magoti. Twakiri kwamba utulivu ule ulitupendeza mno.

Sasa, kadi ile ni kitu gani? Mwaka wa 1969 Bwana Milton Kuolt, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha ndege cha Boeing, alianzisha katika jimbo lilo hilo la Washington kampuni ya Thousand Trails, na kambi yake ya kwanza ilikuwa karibu na Chehalis. Wengine wengi wakamwiga. Shauri lao lilikuwa hili: bustani za serikali zimejaa watu, basi lipa fedha ya kuingia mara moja, kisha ada kila mwaka, nawe utalala katika makambi yetu bila kusongamana na umati. Mwanachama hanunui ardhi. Hanunui hata mti mmoja. Anunua ruhusa ya kukaa, tena kwa kipimo: katika mkataba wa wenyeji wetu ilikuwa usiku 14, kisha lazima kutoka usiku 7 kabla ya kuingia tena.

Biashara hiyo ilikua upesi, na pamoja nayo yakaja maneno matamu. Makampuni kadhaa yaliwaita watu kwa zawadi, yakawaketisha saa nyingi mbele ya wauzaji hodari, mpaka wakatia sahihi. Ndiyo sababu jimbo la Washington lilitunga mwaka wa 1982 sheria juu ya makambi hayo, na katika sheria hiyo mnunuzi amepewa siku chache za kujirudi baada ya kutia sahihi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 makampuni kadhaa yalikuwa yameanguka, na wanachama wengi wakabaki na karatasi mikononi.

Wenyeji wetu walikuwa na karatasi mbili. Moja, ile ya kambi tuliyolala, hawakuinung'unikia. Ya pili waliinunua zamani, katika jimbo lingine, kwa kampuni ambayo hatutaitaja. Ada yake ilikuwa imepanda mwaka kwa mwaka, hakuna aliyetaka kuinunua, na kampuni haikukubali kuirudisha. Mama alitueleza hayo tulipokuwa tukifuta sahani. Alitaka kurudi katika nyumba yenye msingi, apande maharagwe, asikie kengele ileile kila asubuhi. Lakini nyumba waliiuza miaka kumi na mmoja iliyopita, na bei za leo zawashinda.

Tukamwuliza: basi kwenu ni wapi? Akaleta hati yake ya kuendesha motokaa. Ilikuwa ya jimbo la South Dakota, mbali sana na pale. Jimbo hilo huwakubali wasafiri wa namna yao: hulala usiku mmoja, huonyesha risiti ya mahali walipolala, hukodi anwani kwa watu wa kupokea barua, nao huhesabiwa kuwa wenyeji kwa hati hiyo. Hakuna kodi ya mapato kwa jimbo, jambo ambalo Mzee hulisifu. Mama akasema taratibu: «Mtoto wetu akitaka kuja nyumbani, aende kwenye sanduku la barua?» Hatukuwa na jibu.

Tulitazamia kwamba Mzee hajui fikira hizo. Tulikosea. Siku zao 14 zilipotimia aliamka mapema, akafungua mfereji wa tangi la choo, kisha wa maji machafu ili usafishe bomba, kama ilivyo kanuni. Alikunja waya wa umeme. Halafu akamkabidhi Mama ufunguo wa kamio, akasema kwamba macho yake siku hizi humdanganya katika kona, na kwamba usiku 7 wa kukaa nje wangeutumia kwa binti yao, kuulizia kama kuna kiwanja cha kupangisha karibu naye.

Mama hakuwahi kuikokota nyumba ile milimani. Aliketi, akarekebisha vioo, akaweka kitesi cha chini kabla hajaambiwa. Mzee alishika daftari na kumsomea: ngazi imekunjwa, gesi imefungwa, taa za nyuma zawaka. Mlinzi akafungua lango.